Gauti la Kamati na Mji wa Maji Moto

Habari ya jana aliileta Koikai, ambaye sisi wa benchi la kahawa la Ndeshi hapa Tengeru tunamwita Redio. Eti kasikia kwamba zamani kule Ulaya, daktari alikuwa hamwandikii mwenye gauti vidonge. Anamwandikia mji.

"Mji gani huo?" akauliza Elinami. Huyu ni Kamati, maana hakuna kikao cha harusi asichokaa. Mguu wake ulikuwa juu ya ndoo, kidole gumba kimevimba kama kiazi. Bado wiki tatu ampeleke binti yake Brenda madhabahuni, naye keshasema hataki baba wa kukokotwa.

"Wenye chemchemi ya maji moto. Unaoga, unakunywa kikombe. Wiki tatu, umepona."

"Maji ya huku yenye floraidi yametupaka meno rangi ya kahawia bure," Ndeshi akasema, "na hakuna aliyeyaita dawa."

"Kitendawili," nikasema mimi.

"Tega, bibi."

"Mfalme wangu ana wapagazi wawili, mmoja kagoma."

Wote wakautazama mguu wa Kamati. "Bibi na wewe," akanung'unika. "Redio, mimi nitaoga hata kwenye sufuria."

"Sijamaliza, mzee. Unaamka alfajiri, unatembea. Pombe hakuna. Nyama hakuna. Saa mbili usiku umelala."

Kamati akaweka kikombe chake chini.

"Hiyo si tiba," Kamati akasema. "Hiyo ni rumande."

Stanley, tunayemwita Kisu, mwenye banda la nyama choma ng'ambo ya barabara, akakohoa. "Mzee wangu, dawa ni maji. Hayo mengine ni masharti ya Wazungu tu."

"Kisu, unatetea mguu wake au mbavu za mbuzi wako?" Ndeshi akamuuliza.

"Vyote ni mifupa, dada."

"Hata kipande cha Jumamosi?" Kamati akauliza taratibu.

"Hata mchuzi," Redio akajibu.

"Sasa walikuwa wanaponywa na maji, au na njaa?"

"Walirudi kwao wanatembea, mzee. Nani angewauliza?"

Kamati akautazama mguu wake. Akaushusha, akashika fimbo, akamrudishia Ndeshi kikombe. "Naanza kutembea sasa hivi, kabla akili haijanirudia."

Akavuka barabara akichechemea, moshi wa Kisu ukamlaki. Alipofika mbele ya banda akasimama. Ndeshi akashika shavu. Kamati akavua kofia, akainamisha kichwa kama mtu anayepisha jeneza, kisha akaendelea na safari yake.

"Poleni na msiba," Redio akamwambia Kisu.