Mawese Juu ya Prosesa

Jumanne, tarehe 9 mwezi wa saba

Siku kubwa! Kwaya ya parokia imenipa mimi, Gédéon wa Songo, kazi ya kutengeneza video ya jubilei yao. Si Thierry wa Nyamianda, mwenye kompyuta mpya na miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mimi! Mama Generose, mwenyekiti wa kwaya, amesema itaonyeshwa Jumapili baada ya misa, na kwamba nikichelewa, kazi zote za kwaya zitakwenda kwa Thierry. Nimemwambia alale bila wasiwasi. Consolée, anayeimba solo, alikuwa amesimama karibu. Alitabasamu. Labda kwangu.

Tatizo dogo: kompyuta yangu imezeeka. Unabonyeza kitu, unakwenda kuoga ziwani, unarudi, bado inafikiri.

Jumatano, tarehe 10

Nimepata dawa, kwenye intaneti. Prosesa, yaani akili ya mashine, ina miguu midogo chini yake. Ukiunganisha miwili kwa uzi mwembamba wa shaba, mashine inadanganyika na kukimbia zaidi kuliko ilivyopangiwa. Bure kabisa! Waliotengeneza walituficha tu, kwa wivu.

Uzi nimeutoa kwenye redio ya shangazi Domitille. Haisikilizi sana, ila asubuhi na jioni. Nimeunganisha. Ikawaka. Ikakimbia! Kisha ikazimika kwa joto.

Kumbe juu ya prosesa hupakwa dawa nzito ya kupitisha joto kwenye chuma cha kupozea. Yangu imekauka, imekuwa unga. Fundi wa sokoni amesema nyingine itatoka Bujumbura wiki ijayo, na akaniomba nisipake kitu kingine chochote. Watu wa namna hii ndio wanaoturudisha nyuma.

Alhamisi, tarehe 11

Nimekumbuka Lemera! Kwa bibi, kule milimani, asubuhi mawese yanaganda ndani ya chupa mpaka uyachote kwa kijiko. Mazito, laini, yanashika. Dawa ndiyo hiyo! Ya hapa Uvira ni majimaji, basi nimeyaweka katika friza ya jirani yetu Anne, muuza samaki, katikati ya samaki wake wa mikeke. Yameganda vizuri. Yananuka samaki kidogo, lakini prosesa haina pua.

Nimepaka, nimefunga, inakimbia! Nimepita makusudi kwa Thierry kumweleza kwamba kompyuta mpya ni za watu wasiojua kazi. Akauliza nimepaka nini. Nikasema ni siri ya ufundi.

Ijumaa, tarehe 12

Asubuhi mambo safi. Mchana jua likashika mabati. Shangazi akaingia akinusa, sahani mkononi: "Weye, iko maharagwe gani unakaanga bila kuniita?" Nikamjibu kwamba ni video.

Mawese yakaanza kutiririka kwenye vitufe. Kisha moshi. Kisha kimya. Mashine imekufa, na kwaya nzima imo ndani. Shangazi akachungulia, akautambua uzi wa redio yake. Aliyosema siyaandiki.

Nimelia. Keshokutwa watu watakaa uwanjani kutazama shuka tupu la kuonyeshea video, na Consolée atajua ni kwa sababu yangu.

Jumamosi, tarehe 13

Anne hawezi kufunga mdomo. Mama Generose amekuja mwenyewe, akanishika mkono na kunipeleka Nyamianda kwa miguu, akisimama kusalimia kila mtu njiani na kueleza tunakokwenda. Thierry hakucheka. Hilo ndilo limeniuma zaidi. Alitoa diski ndani ya mashine yangu, akaifuta mafuta kwa shati lake, akaiunganisha na yake. Kwaya yote imo! Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza. Akalinusa shati, akasema tu: "Minye nilifikiri iko samaki."

Jumapili, tarehe 14

Uwanja ulijaa, wamama wakapiga vigelegele. Mwishoni yakatokea majina mawili: Thierry na Gédéon. Aliliweka la kwangu bila kuombwa! Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi. Consolée alikaa karibu naye, lakini leo sikuweza hata kukasirika. Mama Generose akamwomba Thierry anichukue kuwa msaidizi wake, akakubali palepale. Mtu mwema, nilimwonea bure. Nimeapa mbele ya kwaya nzima kwamba mawese sitayapaka tena kwenye mashine.

Jumatatu, tarehe 15

Siku ya kwanza ya kazi! Thierry amekwenda Kalundu kupiga picha za ndoa ya serikali. Ameniachia ufunguo na ile kompyuta mpya. Amesema nisiguse kitu, nijibu simu tu. Ananiamini kabisa, na jambo hili limenigusa moyo. Mtu kama huyu anastahili zawadi.

Mashine yake inakimbia, sikatai, lakini ni kasi ya kiwandani tu. Na kosa la wiki iliyopita nimelichunguza: mawese huyeyuka. Sabuni, ambayo hutengenezwa kwa mawese hayohayo, hushinda juani sokoni na haiyeyuki. Kipande ninacho. Uzi wa redio umebaki kidogo, na skrubu za chini zimetoka bila shida.

Atarudi saa kumi. Atashangaa sana.