Bingwa wa Vijidudu na Farasi Mweupe

Wakuu wa tiba ya mifugo, vueni kofia! Hii ni habari ya bingwa wa vijidudu vya damu, aliyeweza kugundua ugonjwa hata kabla hajamgusa mnyama. Aliweza kwa sababu ugonjwa wenyewe alitembea nao mfukoni.

Ulikuwa ndani ya kioo chembamba cha hadubini: tone la damu lililokaushwa na kupakwa rangi ya zambarau tangu yeye hajazaliwa. Humo vijidudu vya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, vilijikunja kama nyuzi. Kioo kilikuwa cha maabara ya shule. Hadubini pia. Koti jeupe pia. Baiskeli ilikuwa ya mjomba wake, fundi cherehani, aliyesafiri na angerudi Ijumaa.

Jumatano, nyuma ya soko, Daktari (ndivyo alivyojiita) akamwona farasi mweupe wa mchukuzi wa mchanga. Manyoya yanang'aa, miguu imefungwa vitambaa vyekundu utadhani anakwenda kuoa. Daktari akameza mate. Farasi kama huyu kwa baiskeli moja! Kesho angemuuza, na Ijumaa mjomba angepokewa na baiskeli mpya.

"Shikamoo, mzee wangu. Huyu hapandwi na homa, kisha ikashuka yenyewe?"

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yetu."

Akamtoboa farasi sikio, akapokea tone kwenye kioo, akageuka kukohoa, na alipogeuka tena kioo kilikuwa kingine. Mchukuzi akafumba jicho moja, akachungulia hadubini.

"Mbona hawa wadudu hawatikisiki?"

"Wamelala, mzee. Huamka jioni."

"Aa. Wamechoka, maskini."

"Farasi huyu hamalizi wiki. Lakini mimi nina huruma. Nitamchukua kwa utafiti, nikuachie baiskeli hii."

Mchukuzi akafuta chozi. Lilikuja haraka kidogo, ila bingwa hakuwa mpimaji wa machozi.

"Basi niandikie cheti, daktari, kwamba umempima mwenyewe ukamkuta na nagana. Wanangu wasije wakasema nimegawa farasi mzima."

Bingwa akaandika kwa mbwembwe, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

Mtaa wa tatu, farasi akasimama. Mtaa wa nne, akalala chini, mbele ya kliniki ya daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira. Mama akafungua vitambaa: miguu imevimba. Akainua mdomo: fizi nyeupe kama karatasi. Akachukua damu, akaiweka chini ya hadubini yake.

"Njoo utazame, daktari mwenzangu."

Nyuzi zilikuwa zikijipinda na kuogelea huku na huku, zikisukuma chembe za damu.

"Wanatikisika!" bingwa akapiga kelele.

"Wasitikisike kwani wamekufa? Wiki iliyopita nilimwonyesha mwenye farasi wadudu hawahawa. Akakataa tiba, akasema atatafuta mtu wa kumchukua."

"Mtu gani?"

Mama akalitazama lile koti. Hapo ikalia kengele ya baiskeli. Mchukuzi alikuwa akipita, cheti kikichungulia mfukoni mwa shati.

"Daktari! Wameshaamka?"

Bingwa angelalamika kwa nani? Ugonjwa aliuthibitisha yeye mwenyewe, kwa maandishi.

Mama akakubali kumtibu farasi, mradi bingwa azoe samadi ya kliniki mpaka likizo iishe. Kisha akamshika kola ya shati chini ya koti, akaigeuza, akasoma kilichoshonwa ndani kwa uzi mwekundu, kama sheria ya bweni inavyoagiza: jina kamili na namba ya kitanda.

Namba kumi na saba. Kitanda cha juu, karibu na dirisha.

Ndiyo, changu. Sasa mmejua nilivyoyajua yote haya. Farasi ameanza kula vizuri, na anaponiona na koleo hucheka kwa meno yote. Leo ni Ijumaa. Kutoka hapa zizini namwona mjomba akikata kona.

Anakuja kwa miguu.