Ombi la Kuahirishwa kwa Baridi Yenu Hadi Mjukuu Wangu Azaliwe

Mwalimu Phelesia Adhiambo (Mstaafu),
S.L.P. 17,
Uriri, kupitia Migori.

2 Desemba 1996

Kwa Mheshimiwa Meya,
Mji anakoishi binti yangu,
Norwe.

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu kutoka Uriri, ambako jua linawaka, kuku wanatembea midomo wazi, na mimi nimevua viatu ili niandike vizuri. Sisemi hivyo kukuringia. Nataka tu ujue malalamiko haya yanatoka upande gani wa dunia.

Mimi ni mjane, mwalimu wa Kiswahili niliyestaafu, na mama yake Joyline, mkazi wa mji wako, yule mrefu mwenye mwanya ambaye siku hizi tumbo linamtangulia kila aendako. Anatarajia kujifungua mwezi wa Januari, na ameniita nikamshike mkono, nimwogeshe mtoto, nimpikie uji wa wimbi. Pasipoti ninayo. Viza ninayo. Tiketi ya ndege wamenitumia. Kilichobaki ni mimi kukubali kwenda, na hapo ndipo baridi yako ilipojiingiza katika mambo ya familia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kinorwe sikijui, na Kiingereza changu nikikasirika hunitoroka. Joyline atakutafsiria. Ukiona amesoma mistari mitano halafu akakupa maneno matatu, mwambie arudie. Alikuwa na tabia hiyo tangu darasa la pili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua. Joyline aliniandikia kwamba Januari jua la mji wako hutoka saa nne asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Nilidhani amekosea, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu na kumrudishia barua yake. Akajibu kwamba ndivyo lilivyo. Mheshimiwa, mtumishi gani huingia kazini saa nne na kuondoka saa tisa? Hapa kwetu wapo, lakini hatuwasifu. Uji wa mzazi hupikwa alfajiri na chakula chake cha usiku hupikwa jua likizama. Kwa ratiba yenu, nitakuwa sijaosha sufuria ya kwanza nikitakiwa kubandika ya pili.

2. Mavazi. Nilikwenda Migori kwa Mirumbe, Mkuria anayeuza makoti ya mitumba, nikamweleza safari yangu. Alinitolea koti ambalo mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa watu wawili. Akanivalisha mchana wa saa saba, soko limejaa, akafunga vifungo vyote hadi kidevuni. Nikamwambia nakufa. Akasema, "Vumilia, mwalimu. Hii koti ilitoka huko huko unaenda. Wewe unairudisha nyumbani tu." Nilipolivua nilikuwa nimelowa kama niliyebatizwa upya, na wateja wa nyanya walikuwa wameacha nyanya wananitazama mimi.

Koti nalisamehe. Ila Joyline anasema chini ya koti nivae suruali, na chini ya suruali nivae suruali nyingine. Mimi, niliyewarudisha wasichana getini kwa sketi iliyopanda juu ya goti kidogo tu, leo nifike kwa mkwe wangu na suruali mbili! Waliokuwa wanafunzi wangu wakisikia, watataka niwaombe radhi mmoja mmoja, na wengine ni madiwani sasa.

3. Mazoezi. Usidhani nimelalamika bila kujaribu. Shemeji yangu Cephas hufanya kazi Homa Bay, anapakia mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, kwenye malori ya barafu. Nilimwomba anifungie humo kidogo nizoee. Alikataa kwa adabu, nikamkumbusha nani aliyemfundisha kusoma, akakubali. Nilikaa juu ya kreti, mbuta kushoto, mbuta kulia, wote wakinikodolea macho, nikakusudia kuimba wimbo mmoja wa kanisani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ubeti wa kwanza nilimaliza. Wa pili midomo ikagoma. Cephas alipofungua alinishika mkono, akasema, "Shemeji, toka, yawa! Hii ni koyo ya samaki amekufa. Huko unaenda iko koyo ya watu wazima." Koyo ni baridi kwa lugha yetu, na ukilitamka neno hilo ukiwa ndani ya barafu unalielewa vizuri zaidi. Nilirudi Uriri nikinuka, na paka wa kijiji kizima wakanisindikiza hadi mlangoni.

4. Meno. Jirani yangu Nyanchoka, aliyeolewa hapa kutoka Kisii, amekuwa mtaalamu wa baridi tangu nipate viza, kwa kuwa kwao kuna ukungu. Anasema huko Ulaya meno hupasuka mtu akicheka nje. Naomba jibu la maandishi.

5. Paa. Hili ndilo kubwa, tafadhali keti. Kwetu Wajaluo, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hali naye meza moja, hapiti karibu na kitanda chake. Si chuki, ni heshima. Mkwe wangu Bravin, kijana wa Masara, ameishika heshima hiyo kwa mikono miwili. Tangu alete ng'ombe kwangu hajanitazama usoni. Siku moja nusura tukutane Migori mjini, akakimbilia duka lililokuwa karibu, ambalo lilikuwa la majeneza, akakaa humo hadi nikapita. Wenye duka walishaanza kumpa pole. Kwa hilo nampenda kijana huyu kuliko ninavyoweza kumwambia, na mila hainiruhusu kumwambia.

Sasa Bravin na mkewe wana chumba kimoja cha kulala na kisebule. Joyline anasema nitalala kwenye kochi, na kati yangu na wao kuna ukuta wa mbao. Yaani nitamsikia mkwe wangu akikoroma! Naye Bravin, kwa adabu yake, ameahidi kwamba nikifika yeye atahamia chini kabisa ya jengo, kwenye stoo ya baiskeli, isiyo na moto. Akigandia humo, nitawaambia nini watu wa Masara? Kwamba mtoto wao nilimweka pamoja na baiskeli?

Nikafikiri nilale kwa jirani. Lakini jengo lina ghorofa nane na paa moja tu. Nikilala ghorofa ya pili na Bravin ya tano, paa ni lile lile, na zaidi ya hapo chini yake wamelala wanaume wengine tele waliooa mabinti za watu. Nitakuwa mama mkwe wa jengo zima. Nilimpelekea mchungaji wetu suala hili. Amehubiri juu ya moto miaka yote niliyomjua, lakini juu ya baridi na ghorofa alisema hana andiko.

Basi suluhisho lilikuwa jepesi: nijengewe kibanda changu uani, cha udongo na nyasi, na moto katikati. Nikamwandikia Joyline, akajibu kwamba ardhi yenu wakati huo ni ngumu kama jiwe na hakuna atakayechimba shimo la nguzo hadi Aprili. Utaona mwenyewe, Mheshimiwa, kwamba kosa si la mila, si la Bravin wala si langu. Kosa ni la baridi.

Kwa hiyo naomba baridi ya mwaka huu iahirishwe hadi Aprili, au kama mmeshaiagiza, ipelekwe mji mwingine ambao hauna mama mkwe anayetarajiwa. Usiniambie haiwezekani. Joyline amenieleza kwamba serikali yenu hubadilisha saa kwa amri, mkalala saa hii na kuamka ni saa nyingine, na hakuna anayeandamana. Serikali inayoweza kuiambia saa nne iwe saa tano itashindwaje kuuambia mwezi mmoja usubiri?

Nikuambie na jambo ambalo si la mzaha. Mwaka juzi Joyline alijifungua huko huko kwenu, mtoto akiwa amekufa. Bravin alikuwa kazini melini, mbali. Binti yangu alilala hospitalini peke yake akitazama theluji dirishani, na mimi siku hiyo nilikuwa uani naanika mahindi, nikiimba. Nilipata habari kwa telegramu, maneno machache yasiyo na hata "mama" ndani yake. Nimefundisha watu kusoma maisha yangu yote na sijawahi kuchukia kusoma kama siku ile. Nataka kwenda, Mheshimiwa. Nataka sana. Lakini naogopa kufika huko nikawa kikongwe cha kufunikwa blanketi na kupewa chai, badala ya mama wa kushika mkono. Naogopa nikihitajika nitakuwa natetemeka.

Kwa sababu hizo zote, bila jibu lako lenye muhuri sitapanda ndege. Huo ndio msimamo wangu, na hapa Uriri msimamo wangu unajulikana.

Nisalimie mkeo na watoto, madiwani wako, na wale wanaofagia theluji barabarani, ambao nawahurumia kwa kuwa hawamalizi. Msalimie pia mama mkwe wako, nawe uniandikie analala wapi.

Ni mimi, ninayetetemeka kabla ya safari,

Mwalimu Phelesia Adhiambo

Tanbihi: Mheshimiwa, kabla sijaifunga bahasha, karani wa posta alikuja mbio kuniita kwenye simu. Alikuwa Joyline. Daktari amemlaza, mtoto ana haraka ya kuja, na meli ya Bravin bado haijarudi. Nikaanza kumweleza habari ya barua hii na ya paa. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Akasema, "Mama, baridi siogopi. Naogopa kama mwaka juzi." Tukabaki tunasikilizana tunavyopumua hadi laini ikakatika.

Kwa hiyo futa namba moja hadi tano. Jua lizame hata saa sita mchana. Meno yapasuke, ninayo machache. Bravin akirudi alale kitandani kwake, nami nitalala kwenye kochi langu, akorome nikorome, na mababu wakiwa na swali waje waniulize mimi. Cephas ameshakuja kunichukua twende Nairobi, tiketi imebadilishwa, sasa naruka kesho kutwa. Suruali zote mbili nimezivaa tayari. Naandika nikiwa nimezivaa, hapa ofisi ya faksi Migori, na aliyeona ameona.

Ombi limebaki moja, na hili naomba usilicheleweshe. Baridi iache ilivyo. Tafuta mtu wa kukutafsiria haraka, umtume mbio hospitalini, amwambie Joyline asisukume mpaka nifike.