Kuhusu Mianzi Isiyotulia

Kasongo, mwisho wa mwezi wa tano

Kwa Papa Octave, Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani ya Mianzi

Papa Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa heshima zote na kwa hasira kidogo. Mimi ni Faradji, mwenye Studio Paradiso, ile yenye ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na mlima wa theluji. Marehemu baba yangu alimleta mchoraji kutoka Kindu kwa kazi hiyo, na nusu ya ndoa za mji huu zimesimama mbele ya ukuta ule. Sasa bustani yako inanivunjia nyumba. Tangu Mwalimu Cécilia aanze kuwatembeza watu humo kila Jumapili wakipiga picha kwa simu, kiti cha wateja wangu kinakaliwa na vumbi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mianzi haitulii. Mimi huwaamuru wateja wasipumue mpaka nimalize, nao hutii. Mianzi yako inayumba ovyo, tena bila haya. Maporomoko yangu hayajamwaga hata tone tangu yachorwe.

2. Bustani haina msimamo. Wakati wa mvua kijito kina rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa kiangazi yanabaki mawe tu, majani yanakauka, halafu mvua ya kwanza ikinyesha yote yanarudi kijani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu Cécilia anawahimiza watu wapige picha mahali palepale kila majira, kisha walinganishe. Walinganishe nini? Kwangu mtu hupigwa picha akiwa mchanga, akapigwa tena akioa, na theluji ni ileile. Ukimzoesha mwanamke kuangalia mambo yanavyobadilika, kesho atamwangalia mume wake.

3. Viumbe vyako vinaingia pichani bila kuitwa. Mama Louise alipopiga picha ya familia, yangeyange alikuja kusimama mbele kabisa akamficha mama mkwe. Ndugu zao wa Kabambare walipoipata wakapiga simu: "Mama mukwe iko wapi? Sisi tunaona ndege tu!" Mpaka leo mama mkwe hasemi na Louise, na ndege anaendelea na maisha yake.

4. Kutembea kwenyewe. Mtu mzima hana kapu, hana jembe, haendi sokoni wala matangani, anatembea tu akitazama vipepeo! Jumapili moja vijana wa pikipiki walisimama, wakavua kofia, wakampa Mwalimu pole, wakidhani kundi linatoka kuzika. Mmoja alijiunga nao akalia mpaka kijitoni.

5. Wanacheka. Picha ni jambo la heshima: mgongo wima, mikono magotini, mdomo umefungwa. Mke wangu Hawa nimempiga picha tangu tuoane na hajawahi kuonyesha jino hata moja. Huo ndio ustaarabu.

6. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Soraya anaolewa Jumamosi ijayo, naye ameukataa ukuta wa babu yake. Anataka picha za arusi kwenye mianzi. Alinitazama usoni akasema, "Papa, maji yako haina hata samaki moja." Sikula siku hiyo. Mji ukiona binti wa mpiga picha mwenyewe ameyakimbia maporomoko, nani atakuja tena? Nitafunga studio, na baba yangu atakuwa amehangaikia theluji bure.

Kwa hiyo naomba Kamati ichague msimu mmoja, iutangaze kuwa ndio rasmi, na mingine izuiwe. Mianzi ifungwe kamba. Yangeyange wakae mbali saa za picha. Kama hayo ni mengi, basi funga lango Jumamosi ijayo, kutwa nzima, useme kuna nyoka.

Usije ukadhani nasema uongo: jana niliingia bustanini mwenyewe, pamoja na Hawa, kutafuta ushahidi. Nilimpiga picha chini ya mianzi, nami nimeiweka humu ndani. Jionee uharibifu.

Nisalimie Mama Nadine na watoto, wanakamati wote, na mlinzi wa lango. Mwalimu Cécilia naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi, mwenye kutulia,
Faradji

Nyongeza: Nimeifungua tena bahasha. Ile picha ya ushahidi naomba uirudishe leo hii, usiikunje, wala usiishike kwa vidole vyenye mawese. Upepo ulitikisa mianzi, majani yakamwangukia Hawa kichwani, akacheka, nami nikabonyeza. Mwanya wake unaonekana wote. Papa Octave, mwanya ule ndio ulionifanya nimwoe, na katika picha zangu zote za miaka hii haumo hata kwenye moja. Basi Jumamosi lango lifunguliwe mapema, jua likiwa bado chini, nitakuja na kamera na maharusi. Habari ya kamba iacheni. Na kama Kamati ina uwezo, naomba upepo kidogo.