Askari wa Pili na Kiti cha Ufalme

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo kwenye mlango wa maktaba. Wanatafutwa watu wa kujitolea kurekodi kwa sauti ule mchezo wa kale wa Mfalme na Nduguye, tuliousoma sote shuleni. Watakaosikiliza ni watu wasioona. Malipo hakuna. Chai ipo.

Nimejiandikisha papo hapo. Nia yangu ni njema. Mama mkwe anaishi nasi tangu macho yake yalipozimika mwaka juzi, na mchezo huo anaupenda kupita kiasi. Aliufundisha darasani miaka ishirini. Mimi ananipenda kwa kiasi. Akiwa na wageni huniita "bwana wa mita", kwa kuwa kazi yangu ni kupita nyumba hadi nyumba nikisoma mita za maji.

Jioni mezani nimemwambia nitakuwa Mfalme. Aliweka kijiko chini. Kisha akapapasa bakuli, akaniongezea mboga kwa mkono wake. Haijapata kutokea tangu nioe.

Nafasi zinagawiwa kesho. Nimetangulia siku moja tu.

Jumanne, 4 Machi

Mfalme ni fundi cherehani wa karibu na kituo cha mabasi. Mkutubi, ambaye ndiye kiongozi wetu na mwenye mashine ya kurekodia, alisikiliza watu tisa na kumchagua yeye bila hata kukuna kichwa. Nilimkumbusha kwamba nina miaka kumi na tisa kazini, na kazi yenyewe ni kusoma. Akasema ndiyo maana. Sikumwelewa.

Mimi ni Askari wa Pili. Nina sentensi moja: "Bwana, lango limefungwa." Nikauliza Askari wa Kwanza ana ngapi. Kumbe anakufa kabla mchezo haujaanza. Basi kati ya askari walio hai mimi ndiye mkubwa.

Nimepewa pia milango, nyayo na mvua. Yaani milio yake.

Nyumbani mama mkwe ameomba nimsomee kidogo. Nikamwambia Mfalme hutunza koo. Akaagiza nichemshiwe tangawizi. Mke wangu aliichemsha huku akinitazama tu. Nimekunywa vikombe viwili.

Alhamisi, 6 Machi

Neema imeshuka. Fundi ana kigugumizi.

Nilimpelekea suruali isiyo na kasoro, nikitafuta udhaifu wake. Alitumia muda mrefu kulimaliza neno "kiuno" hadi nikajipima mwenyewe. Nikaenda mbio maktaba. Nikamweleza Mkutubi, kwa uso wa huzuni, kwamba mchezo una kurasa tisini na kwa mwendo ule tutamaliza wajukuu wetu wakiwa wazee.

Mkutubi akasema anajua. Wote wanajua. Jioni fundi alipofika, akamwomba asome ile hotuba ndefu ambapo Mfalme anamngojea langoni ndugu aliyemfukuza mwenyewe. Hakukwama hata mara moja. Maneno yalitiririka kama bomba lililopasuka, na nayajua mabomba. Watu waliacha chai ikapoa.

Baadaye fundi akanieleza, kwa taabu, kwamba maneno ya watu humpitisha vizuri. Ni yake mwenyewe ndiyo yanayomkwaza.

Nilimhurumia kweli. Kama dakika mbili. Halafu nikakumbuka mboga.

Suruali imerudi fupi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza ya kurekodi. Tumeziba madirisha ya chumba cha magazeti kwa mablanketi. Joto la tanuri.

Mpango: kumvuruga Mfalme katikati ya hotuba. Nilivaa viatu vyangu vya kazi, vinavyolia, nikatembea nyuma yake huku na huku, mguu wa kushoto ukijiburuta kama kawaida yake kwa uzito wa mkoba wa miaka kumi na tisa. Nilitegemea Mkutubi akasirike, fundi achanganyikiwe, nafasi iwe wazi.

Mkutubi alifumba macho. Mwisho akasema hajapata kusikia mfalme mwenye wasiwasi kama yule, na nyayo zile zibaki. Fundi akanishika bega kunishukuru.

Tulifanya na mvua. Nilimwaga mchele polepole kwenye sinia la bati. Wakataka niirudie mara nne. Sikuona kwa nini, mvua ni mvua.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua kuchukua sheria mkononi. Nimerekodi mwenyewe hotuba ya Mfalme, kwa simu, ndani ya kabati la nguo. Humo hamna mwangwi. Hewa pia hamna.

Nilipofika pale Mfalme anapolia, mke wangu alifungua mlango. Akauliza nagombana na nani. Nikasema nasali. Akasema Mungu ananisikia hata nikiwa nje ya gauni lake. Akafunga.

Nimeisikiliza mara saba. Sauti nzito, kila neno limesimama peke yake, hakuna haraka. Ndivyo nilivyozoea kusoma tarakimu za mita.

Jumanne, 11 Machi

Saa ya chakula cha mchana. Mkutubi alitoka, mashine akaiacha wazi. Nimetoa hotuba ya fundi, nimeweka yangu. Dakika nne. Mlango niliutazama mara tano, dhamiri hata mara moja.

Mama mkwe ameuliza jioni kazi inaendeleaje. Nikamjibu kwamba leo nimeingia rasmi katika ufalme. Ni kweli, ukitazama kwa upande fulani.

Alhamisi, 13 Machi

Mkutubi alituita wote, akatusikilizisha hotuba. Yangu.

Mtu mmoja akauliza kama ni tangazo la kukatwa maji. Mkutubi akasema mashine huenda imenasa redio ya jirani, bahati nzuri ana nakala ya hotuba halisi nyumbani. Nikatikisa kichwa pamoja na wengine. Nikasema majirani siku hizi hawana adabu.

Fundi peke yake hakutikisa kichwa. Tulipotoka alinifuata hadi kwenye ngazi, akangoja watu wapite.

"Ndugu yangu," akasema. "Nimesikia he... henga. Henga za nguo, za chuma, zinagongana. Mimi nashinda nazo siku nzima. Ulikuwa ka... kabatini?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikudhani inaishia kwenye henga. Nikamweleza yote. Mama mkwe, macho yake, mchezo anaoupenda, bwana wa mita. Nilitegemea anicheke au aende kwa Mkutubi. Alikaa kwenye ngazi. Akasema mama yake mwenyewe alifariki kabla hajawahi kumsikia akimaliza sentensi bila kukwama. Ilimchukua muda mrefu kusema hivyo, na sikumsaidia kwa neno lolote. Kisha akaniomba nimwambie mama mkwe ukweli kabla ya siku ya kusikiliza, wiki ijayo, wasioona watakapoalikwa maktaba. Yeye hatasema kitu.

Nikaahidi. Tukapeana mikono.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda chumbani kwa mama mkwe kumwambia ukweli. Alikuwa amepiga pasi kitenge cha kuvaa siku ya kusikiliza. Amepiga mwenyewe, kwa kupapasa, na amejiunguza kidole.

Nimemwambia kwamba mashine za kisasa hubadilisha sauti ya mtu kabisa, asije akashangaa.

Akasema ahsante kwa kumtahadharisha.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kusikiliza. Maktaba imejaa. Wasioona kumi na wanane, na waliowaleta. Mama mkwe alitaka kiti cha mbele. Nilimtafutia cha nyuma, karibu na feni inayopiga kelele. Mkutubi akaja kumchukua, akampeleka mbele.

Mkutubi akawasha mashine, mchezo ukaanza. Fundi alisoma kama mtu aliyezaliwa kasrini. Nilimtazama mama mkwe. Midomo yake ilikuwa inacheza, alijua kila neno. Nikaanza kuamini ile habari ya mashine imemwingia.

Ndipo zikaja nyayo. Mama mkwe akainua uso, akamgusa jirani yake, akasema kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia:

"Huyo anayetembea ni mkwe wangu. Mguu wa kushoto huo. Nausikia kila jioni ukiingia mlangoni, ndipo najua nyumba imetimia."

Watu wakacheka kidogo, bila ubaya. Nilitamani niwe ndani ya kabati.

Mvua iliponyesha katika sehemu ya tatu, aliuvuta mtandio wake akajifunika mabega. Kisha akakumbuka yuko ndani, akaushusha.

Mwishoni aliomba aletewe Mfalme. Fundi akapiga magoti mbele yake, akajaribu kumsalimu, akakwama kwenye neno la kwanza. Mtu alitaka kumsaidia. Mama mkwe akainua mkono, akasema mwacheni, mfalme haharakishwi. Akangoja. Fundi akafika mwisho wa salamu yake. Mama mkwe akaiitikia yote, neno kwa neno. Fundi alifuta macho kwa tepu yake ya kupimia.

Njiani nyumbani nilimshika mkono. Akauliza kama mvua ilikuwa yangu. Nikasema ndiyo, mama. Akasema aliisikia baridi yake. Tukatembea kidogo. Kisha akasema siku ile ya mboga alijua nadanganya, ila aliniongezea kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mkwe wake akitaka kitu kwa moyo wote.

Nimelala mapema. Mke wangu amechemsha tangawizi bila kuombwa.

Jumatatu, 24 Machi

Habari njema. Kituo cha redio kimesikia sifa za mchezo wetu, kinataka mtu mmoja wa kuhojiwa Alhamisi saa tatu asubuhi, moja kwa moja hewani. Mkutubi alimteua fundi. Fundi amenijia dukani kwa muuza vocha, jasho linamtoka. Anasema maneno ya kujieleza mwenyewe, mbele ya nchi nzima, hayawezi. Ameniomba niende kwa niaba ya wote. Anasema mimi mdomo wangu haujawahi kukwama.

Nimekubali kwa unyenyekevu. Nimeanza kuandaa majibu. Swali la kwanza bila shaka litakuwa ilikuwaje nikawa Mfalme. Jibu lina kurasa tatu.

Hofu pekee ni mama mkwe, ambaye hakosi kipindi hicho. Nimelimaliza hilo. Nimeisogeza miadi yake ya kliniki hadi Alhamisi, saa tatu kamili. Mke wangu atampeleka. Nimempigia nesi mwenyewe kuhakikisha. Amesema mama aje bila wasiwasi, hata akingoja hatachoka, chumba cha kusubiria kina viti vipya na redio kubwa inayofunguliwa tangu asubuhi.

Nimemshukuru sana kwa viti.