Majibu Saba na Jino Moja

Alhamisi, 14 Novemba

Mtihani umekwisha. Nadhani na mimi pia.

Kazini wanajua leo nimeng'olewa jino la mwisho, upande wa kulia. Ndivyo nilivyomwambia Bwana Pyo, mkuu wetu katika ofisi ya kata. Ningemwambiaje kwamba karani wake wa miaka ishirini na mitano, ambaye bado yumo kwenye miezi ya majaribio, amekwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu pamoja na watoto wa shule? Nataka kusomea famasia. Mfamasia husimama nyuma ya kaunta yake mwenyewe, na hakuna anayeipiga ngumi akidai cheti cha makazi.

Nilijiandaa kwa uangalifu mkubwa. Saa ya mishale. Penseli. Supu ya mwani sijaigusa tangu Oktoba, kwa kuwa inateleza, na husemwa mlaji wake huteleza nayo hadi kwenye mtihani. Kila kipindi kilipokaribia kwisha nilinakili majibu yangu nyuma ya kadi ya mtihani, ile yenye namba yangu, kama wafanyavyo wote, ili nijisahihishe mwenyewe nisingoje matokeo ya Desemba.

Kiti cha mbele yangu aliketi Tak Se-jin, mwenzangu wa darasa la jioni. Ana miaka ishirini, anarudia mara ya pili, na mdomo wake haujui kupumzika. Tulipotoka alinivuta kwenye duka la tambi, akaanza kusoma majibu yake ya hisabati kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. La kwanza, sawa na langu. La pili, sawa. La tatu, yeye mbili, mimi nne! Nikaacha kula. Kati ya maswali kumi na tano ya kuchagua, tulitofautiana saba. Alisema la tatu lingemfaa mtoto wa chekechea. Nikasema hata mimi nilishangaa kuona lilivyo jepesi. Nikakubali yote saba, moja baada ya jingine, huku natabasamu.

Kisha balaa. "Kaka, tupige picha kadi zetu, tuziweke kwenye kundi la darasa. Wajue wazee bado wamo!"

Nikaomba kwenda msalani. Nikafuta yangu saba, nikaandika yake saba. Kwa mwandiko safi kabisa. Picha ikapigwa.

Ijumaa, 15 Novemba

Se-jin ametuma majibu rasmi. Amepata kumi na nne kati ya kumi na tano. Na mimi, kwa mujibu wa picha, kumi na nne. Darasa zima linaniita Kaka Mkubwa. Mmoja ameomba nimfundishe.

Lakini saba si zangu. Zangu za kweli hazifiki hata nane. Kwaheri famasia.

Barua yangu ya kuacha kazi ilikuwa kwenye droo tangu Oktoba, imepigwa chapa vizuri, ikikosa tarehe tu. Nimeilisha mashine ya kukatia karatasi. Bwana Pyo akapita, akanisifu kwa kupunguza taka mezani.

Nimeshinda na pamba shavuni. Bi Ok wa meza ya jirani kaniletea uji. Nimekunywa kwa uchungu, na nadhani niliuigiza vizuri.

Jumatatu, 18 Novemba

Fomu ya kuthibitishwa kazini imewekwa mezani kwangu. Mwisho Jumatano, saa sita mchana. Asiyetia sahihi anaondoka mwisho wa mwezi. Anayetia anaahidi mbele ya ofisi nzima kwamba yupo kubaki. Mwaka jana mmoja aliahidi, akakimbilia chuo mwezi wa pili. Bwana Pyo bado hulitaja jina lake kama anataja ugonjwa.

Nilikwisha kufungua kalamu. Kumbe binti wa Bwana Pyo naye alifanya mtihani ule! Mzee akawa anamsimulia Bi Ok, anacheka hadi machozi. Mtoto amelia siku mbili, hali, hanywi, amejifungia chumbani. Majibu yake na ya rafiki yake hayafanani! Ndipo mama yake akauliza swali moja tu: namba zenu za mtihani zinaishia na ngapi?

Nikaifunga kalamu.

Karatasi ziko za aina mbili. Mwenye namba inayoishia na witiri anapewa karatasi ya witiri. Mwenye shufwa, ya shufwa. Majibu yamepangwa tofauti ili jirani asichungulie. Kila mtu anajua. Mimi najua! Nilijaza aina ya karatasi kwa mkono wangu mwenyewe!

Nikaikimbiza kadi msalani. Namba ya Se-jin, aliyeketi mbele yangu kwa mfuatano wa namba, inaishia na saba. Yangu inaishia na nane.

Mimi ambaye kazi yangu ni kukagua namba za watu, kutwa nzima, siku tano kwa wiki. Ningekataa jibu moja tu pale dukani, Se-jin angeuliza mara moja: kaka, wewe karatasi gani? Lakini nilitabasamu.

Kwa hiyo yale saba niliyofuta huenda yalikuwa sahihi. Au la. Niliandika nini hasa? Sikumbuki hata moja ila ile nne ya la tatu. Nimetazama majibu ya shufwa. La tatu ni nne.

Bado sita.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeingia kazini mapema. Nimeinua kadi kwenye mwanga wa dirisha. Nimepaka unga wa penseli juu ya nilipofuta, maana mkono wangu hukandamiza ninapoogopa, na siku ile niliogopa sana. Alama zikajitokeza! La sita ni moja. Au nne. La tisa ni tatu hakika, au tano iliyochoka. Nikitumaini, nahesabu famasia. Nikiogopa, nahesabu kaunta ya vyeti hadi kustaafu.

Mpango: niombe fomu isogezwe hadi matokeo ya Desemba, kwa sababu za kiafya. Nikaweka pamba zaidi, nikaenda kwa Bwana Pyo, nikasema jeraha la jino limeharibika, siwezi kufikiri.

Akanitazama mashavu. Akauliza kwa nini Ijumaa lilivimba shavu la kulia na leo limevimba la kushoto.

Nikasema jeraha limehama.

Akachukua koti lake. Akasema ana binamu, daktari wa meno, hapo ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara. Tukaenda. Alinishika kiwiko njia nzima, kwa upole, kama polisi mstaarabu.

Binamu akanifungua mdomo, akasema haoni pengo lolote. Meno yote thelathini na mawili yapo, tena mazuri. Bwana Pyo akakunja mikono. Nikajisikia nikisema kwamba yule daktari wa Alhamisi lazima aling'oa nusu tu, na iliyobaki inaniua.

Binamu akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Jino la mwisho la kulia halikutaka kutoka. Lilikuwa zima.

Jumatano, 20 Novemba

Leo uvimbe ni wa kweli. Siwezi kusema neno. Nilikuwa nimeandika hoja tatu za kuomba muda. Zote zilihitaji mdomo. Saa tano na nusu Bwana Pyo akanitilia kalamu mkononi. Akawaambia wote kwamba kijana huyu Maeng Tae-ryul alivumilia sindano ya ganzi bila kulia, na watu wa aina hiyo ndio ofisi inawataka. Akaniuliza kama nipo kubaki. Nilitaka kutikisa kichwa kukataa. Shingo ikauma, kichwa kikaenda juu na chini, na mkono ukatia sahihi.

Wakapiga makofi. Bi Ok alilia kidogo. Uji tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Matokeo! Nimeyafungua chini ya meza.

Kumi na nne kati ya kumi na tano. Zangu mwenyewe! Alama za masomo yote zinatosha kuingia famasia, tena kwa nafasi. Mahojiano ni tarehe 15 Januari, Jumatano, saa tatu asubuhi. Saa za kazi.

Se-jin akaandika papo hapo. Hisabati alipata kumi na nne kama alivyosema, lakini Kiingereza kimemwangusha; mwakani anarudia. "Na wewe, kaka? Tuko pamoja?" Nikajibu kwamba tuko pamoja kabisa. Sijui kwa nini. Ameshaniandikisha darasa la jioni, kiti cha nyuma yake.

Nitalitatua hilo baadaye. La kwanza ni Januari: nahitaji ruhusa ya asubuhi moja.

Nimekaa nalifikiria kwa utulivu, nikipitisha ulimi mdomoni. Kulia kuna pengo. Lakini kushoto, kule mwisho, bado liko moja, zima, halijawahi kunisumbua hata siku moja.

Nimekwisha kumwambia Bwana Pyo kwamba limeanza kuuma. Ameinua simu kumwita binamu.