Programu Tatu Zilizofia Ndani ya Gari Langu

Karakana ya Saa,
Mlango wa tatu baada ya duka la vioo.

Kwa Meneja,
Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima ya Magari.

Ndugu Meneja,

KUH: MADAI YA VITU AMBAVYO MTHAMINI WENU HAKUVIONA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umeshakunywa chai, maana ni ndefu kidogo na ina namba.

Mimi ni fundi wa saa. Nimeinamia saa za watu miaka thelathini na minne, na shingo yangu sasa haigeuki kushoto hata nikiitwa na askari. Kwa sababu hiyo, nilipopata gari, nililinunulia programu tatu za nyongeza kutoka kwa mtengenezaji wake. Hazikuja kwenye boksi. Ziliingia kwa njia ya simu, gari likiwa limesimama mbele ya karakana, nami nimekaa ndani kimya kama mtu anayechanjwa. Ya kwanza ililifanya gari lijiegeshe lenyewe. Ya pili ilinionya kwa sauti kukiwa na kitu upande ambao shingo haifiki. Ya tatu ililainisha breki. Hiyo niliinunua kwa ajili ya dada yangu mkubwa, ambaye kila Jumanne na Ijumaa asubuhi nampeleka kliniki kusafishwa damu kwa mashine, na akitoka huko hataki mtu amtikise.

Siku ya kukata bima nilimweleza karani wenu yote haya. Akaandika "nyongeza mbalimbali", akapandisha malipo yangu ya mwaka. Sikunung'unika.

Mwezi uliopita lori la matofali lilirudi nyuma bila kuangalia, likalibana gari langu ukutani. Hapakuwa na mtu ndani. Kampuni yenu, nasema kwa shukrani, ilinipa jingine la aina ileile na rangi ileile. Umbo ni lilelile ila kichwani hamna kitu. Halijui kujiegesha, halionyi, na likifunga breki dada hushika dashibodi kwa mikono miwili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu. Fomu ya madai iliuliza uzito wa kila kilichopotea, rangi yake, na mahali kinapolala usiku. Nilijibu kwamba hakina uzito, hakina rangi, na kinalala garini. Ikarudishwa na mhuri mwekundu kwamba haijakamilika. Mara ya pili, kwa heshima ya fomu, niliandika gramu mbili, kijivu. Ikapokelewa siku hiyohiyo.

2. Mthamini. Mlimtuma mthamini wenu, bwana wa makamo, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuja na tochi na futi ya kupimia hadi yadi lilikovutwa gari lililobanwa. Akachungulia chini ya viti, akafungua buti, akainua zulia. Kisha akaniuliza kwa adabu, "Bwana fundi, hizo programu ulizifunga upande gani?" Nikamweleza kuwa hazifungwi, ziko kwenye ubongo wa gari. Akaomba kuonyeshwa ubongo. Nikamwonyesha kiboksi cheusi kilichopasuka. Akakipiga picha pande zote nne, akaandika kwamba hakina kitu ndani. Simlaumu. Hata kilipokuwa kizima, sikuwahi kuona kitu ndani.

3. Uamuzi. Barua yenu ilisema bima hulipa "vitu vinavyoonekana na kushikika". Chini yake mkaorodhesha mlivyokubali: zulia la miguuni, kifuniko cha usukani, na stika ya kioo cha nyuma iliyoandikwa "Taratibu". Nilisoma orodha hiyo nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Yaani mmelipa neno, mkakataa kulipa breki iliyokuwa ikilitii.

4. Mkataba. Kwa kuwa kampuni haitambui visivyoonekana, niliona ni haki niukague mkataba wenu kwa kipimo hichohicho. Niliuweka chini ya lenzi ninayotumia kutafutia vumbi kwenye saa za mkononi za kike. Nilikuta karatasi kumi na mbili, wino, na pini mbili. Ile "amani ya moyo" mliyoniahidi ukurasa wa kwanza sikuiona. Nilichungulia hata nyuma ya karatasi. Naambatanisha picha za pande zote nne.

5. Ijumaa iliyopita. Hapa, Ndugu Meneja, usidhani natania. Maegesho ya kliniki ni membamba na kushoto kuna ukuta. Nilijaribu kuingiza gari mara sita. Mlinzi wa geti alisimama nyuma akinipungia mikono, lakini akihamia kushoto simwoni. Tulipofanikiwa, zamu ya dada ilikuwa imepewa mtu mwingine. Akasubiri kwenye benchi saa mbili na nusu, mkoba magotini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba benchi lina baridi. Huyu ndiye dada aliyenilipia mafunzo ya ufundi nilipokuwa sina mbele wala nyuma, na mimi nimeshindwa kumfikisha mlangoni kwa wakati. Jambo hilo nalo halina uzito wala rangi, kwa hiyo sikulijaza kwenye fomu.

6. Ombi. Naomba nilipwe programu zangu tatu. Ikiwa haiwezekani, basi mnirudishie kazi yake kwa njia inayoonekana na kushikika. Mthamini wenu anaonekana, na mkono wake nimeushika. Awe anafika kwangu Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi. Aliegeshe gari. Anionye kwa sauti ya upole kukiwa na kitu kushoto. Na kila ninapokanyaga breki, amzuie dada asiyumbe. Uzito wake nitaupima mwenyewe. Akiwa likizo, kazi hii utaifanya wewe meneja. Nawe ukiwa likizo, aje mkurugenzi, mradi awe hana maumivu ya shingo.

Nisalimie karani aliyenikatia bima, na yule wa mhuri, na mhudumu wa mapokezi aliyenikalisha chini ya feni. Dada yangu anawasalimu nyote, ingawa kwa sauti ndogo.

Ni mimi, mteja wenu anayelipa kwa wakati,

Fundi Saa

Tanbihi: Barua hii niliiandika Jumatatu, nikaisahau kwenye droo ya karakana. Leo ni Jumamosi na imenibidi kufungua bahasha kwa mvuke wa birika.

Jumanne asubuhi mthamini wenu alipita kuchukua sahihi moja niliyoiruka. Alitukuta mlangoni, dada ameshakaa garini, mimi nalizunguka gari nikijipa moyo. Alinyoosha mkono akaomba funguo, na mimi nikahamia kiti cha nyuma. Kule kliniki aliegesha mara moja tu, mlinzi hakupata hata nafasi ya kuinua mkono. Nilimwambia anaweza kwenda zake. Akasema atangoja, kwa kuwa marehemu mkewe alitumia mashine hizohizo miaka mitatu, na anajua urefu wa zile saa nne. Akaingia ndani akakaa na dada.

Jana alikuja tena. Ijumaa hii alikuwa na ruhusa ya kutokwenda kazini, na kalamu zote tatu alikuwa ameziacha nyumbani. Wakati wa kurudi dada alicheka, jambo ambalo sijalisikia tangu alipoanza matibabu. Nilipouliza kilichomchekesha, wote wawili wakaniambia nisijali, niangalie upande wangu.

Jioni dada aliniuliza dai langu limefikia wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba nimewaandikia barua kali na nadhani watalipa upesi. Akakunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mdogo wangu," akasema, "ukishalipwa, yule bwana atakuja hapa kwa sababu gani?"

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba nisilipwe. Na kama sheria inawalazimu kunilipa, basi nawasihi dai langu lishughulikiwe kwa kasi yenu ya kawaida.